Kimilikishi Kinamtazama Nani? Vimilikishi vya Kiingereza Darasani na katika Tafsiri ya Nyaraka za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inaeleza mfumo wa vimilikishi vya Kiingereza kwa kuulinganisha na mifumo ambayo wanafunzi na wafasiri wa Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huwa wanayo tayari: mfumo wa lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwemo, na mfumo wa Kifaransa. Hoja yake ni kwamba makosa mengi ya vimilikishi hayatokani na upungufu wa msamiati. Yanatokana na tofauti ya kile ambacho kimilikishi cha kila lugha hukitazama: mmiliki, kinachomilikiwa, au vyote viwili. Tofauti hiyo inaonekana ndogo katika daftari la mwanafunzi, lakini huwa kubwa katika kumbukumbu za mahojiano na katika matini za kisheria zinazotakiwa kutoka kwa lugha zaidi ya moja.

Maneno ya msingi: vimilikishi, upatanisho wa kisarufi, ngeli, tafsiri ya sheria, ufundishaji wa Kiingereza

1.0 Utangulizi

Vitabu vingi vya Kiingereza vinavyotumika katika shule zetu huwasilisha vimilikishi kwa jedwali. Safu moja ina "my, your, his, her, its, our, their". Safu ya pili ina "mine, yours, his, hers, ours, theirs". Mwanafunzi huikariri, hujaza mapengo, hufaulu zoezi, kisha siku ya kuandika insha husema kwamba Maria alikwenda sokoni na "his mother". Mwalimu husahihisha kwa wino mwekundu, na wiki inayofuata kosa hurudi.

Jedwali halina kosa lolote. Upungufu wake ni kwamba linaorodhesha maumbo bila kueleza kinachoyaongoza. Mwanafunzi anaambiwa kuwa "his" na "her" yote ni "-ake", na kwa hakika ni hivyo. Asichoambiwa ni kwamba Kiswahili na Kiingereza, vinapotamka neno hilo, havielekezi macho mahali pamoja.

Suala hili lina uzito wa pekee katika nchi zinazozungukana na chimbuko la Kiswahili sanifu. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza kama lugha ya kufundishia, baada ya miongo mingi ya Kifaransa. Burundi inafundisha Kiingereza na Kiswahili tangu shule ya msingi, huku Kirundi na Kifaransa vikiendelea. Mashariki ya Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa na Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Uganda ina Kiingereza kwa muda mrefu, na lugha za Kibantu na zisizo za Kibantu nyumbani. Mwanafunzi wa maeneo haya hafiki kwenye kimilikishi cha Kiingereza akiwa na kichwa kitupu. Hufika na mifumo miwili au mitatu iliyokwisha kujengeka.

2.0 Macho ya kimilikishi

Tuanze na Kiswahili, kwa kuwa ndicho kinachotuunganisha. Kimilikishi chake kina sehemu mbili. Kiini (-angu, -ako, -ake, -etu, -enu, -ao) kinamtazama mmiliki: ni nafsi gani, na ni mmoja au wengi. Kiambishi awali kinakitazama kinachomilikiwa: kitabu changu, vitabu vyangu, mti wangu, miti yangu. Kwa hiyo kimilikishi cha Kiswahili kina macho mawili, moja mbele na moja nyuma. Lakini hakuna jicho hata moja linalotazama jinsi. "Kaka yake" ni kaka wa mwanamume au wa mwanamke, sawasawa. Ndivyo ilivyo pia kwa "ekitabo kye" cha Kiganda na "igitabo cye" cha Kinyarwanda.

Kifaransa hufanya jambo tofauti. "Son", "sa" na "ses" hutambua kwamba mmiliki ni wa nafsi ya tatu umoja, lakini uchaguzi kati ya maumbo hayo matatu hufuata jinsi na idadi ya nomino inayomilikiwa. "Sa sœur" ni dada yake, awe dada wa Paul au wa Marie, kwa kuwa neno dada ni la kike katika Kifaransa. "Son frère" ni kaka yake, awe wa yeyote.

Kiingereza kinageuza kabisa mwelekeo huo. "His" na "her" huchaguliwa kwa kumtazama mmiliki peke yake. Kinachomilikiwa kinaweza kuwa kimoja au elfu, cha kike au cha kiume, chenye uhai au kisicho na uhai. Kimilikishi hakibadiliki: "her book, her books, her brothers, her village". Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anaweza kulisema hili kwa sentensi moja: Kiingereza kina jicho moja tu, linamtazama mmiliki, lakini jicho hilo linaona jinsi.

Kutokana na hapo tunaweza kueleza jambo ambalo walimu wengi wameliona bila kulitenga. Chukua sentensi hizi nne, zote sahihi:

(1) Paul loves his brother.
(2) Paul loves his sister.
(3) Mary loves her brother.
(4) Mary loves her sister.

Mwanafunzi anayepitia Kifaransa atapata (1) na (4) bila shida, kwa sababu jinsi ya mmiliki na ya anayemilikiwa zinalingana na kanuni yake isiyo sahihi inatoa jibu sahihi. Atakosea katika (2), ambapo ataandika "her sister" kwa kufuata "sa sœur", na katika (3), ambapo ataandika "his brother". Mwanafunzi anayepitia lugha ya Kibantu peke yake, bila Kifaransa, hana kanuni ya jinsi ya aina yoyote. Kwake kosa linaweza kutokea katika sentensi yoyote kati ya hizo nne, na mara nyingi umbo moja hutumika kila mahali kama "-ake".

Makosa mawili yanafanana kwenye karatasi, lakini moja ni la kuchagua kwa kigezo kisicho sahihi na jingine ni la kutochagua kabisa. Dawa zake hazifanani. Wa kwanza anahitaji kuambiwa: usitazame mbele, tazama nyuma. Wa pili anahitaji kwanza kuzoea kujiuliza swali ambalo lugha yake haimuulizi. Sentensi nne zilizo hapo juu, zikitolewa kama imla ya tafsiri ya dakika tano, zinatosha kumwonyesha mwalimu wa Bujumbura au Bukavu ni kundi lipi alilo nalo mbele yake, ingawa wapo wanafunzi wanaobeba mifumo yote miwili na watakaochanganya dalili.

Kuna jambo la pembeni ambalo halipaswi kupuuzwa. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Lubumbashi, na hata katika mitaa ya Nairobi, upatanisho wa ngeli kwenye vimilikishi umepungua sana: mtu husema "kitabu yangu" pale Kiswahili sanifu kinaposema "kitabu changu". Wasomi wa usanifishaji hulichukulia hilo kama uharibifu. Kwa mtazamo wa makala hii, ni kimilikishi kilichofumba jicho moja, na kwa namna hiyo kimesogea karibu na Kiingereza. Mwanafunzi wa Lubumbashi hashangazwi na "my book, my books". Kinachobaki kumshinda ni jinsi tu.

3.0 "My" na "mine"

Sehemu hii haihitaji maneno mengi. Kiswahili hutumia umbo lilelile kabla na baada ya kuacha nomino: "kitabu changu" na "changu". Istilahi zetu hutofautisha kivumishi kimilikishi na kiwakilishi kimilikishi, lakini tofauti hiyo ni ya kazi, si ya umbo. Kiingereza kimetenganisha maumbo: "my book", lakini "mine". Hata hivyo istilahi za Kiingereza zenyewe hazijatulia. Quirk na wenzake (1985) huyaita makundi yote mawili viwakilishi vimilikishi na kutenga kazi mbili, moja ya kibainishi na moja ya kujitegemea. Huddleston na Pullum (2002) huyaita maumbo ya uhusika milikishi ya kiwakilishi, tegemezi na huru. Mwalimu wa shule anaweza kuchagua jina lolote mradi asibadilishe katikati ya muhula.

Kihistoria "my" na "mine" lilikuwa neno moja. Sauti ya mwisho ilidondoka kwanza mbele ya konsonanti na kubaki mbele ya irabu, kisha polepole tofauti ya sauti ikawa tofauti ya kazi. "Its" nalo ni geni kuliko wengi wanavyodhani: hadi mwishoni mwa karne ya 16 "his" ndilo lililotumika hata kwa vitu, na toleo la kwanza la Biblia ya King James la mwaka 1611 halina neno "its" hata mara moja. Pengine ugeni huo unaeleza kwa nini "its" halina umbo huru linalotumika kwa kawaida, na kwa nini Waingereza wenyewe huliandika vibaya kwa kuliwekea ritifaa. Mwanafunzi wetu anayekosea hapo hana sababu ya kuona aibu ya pekee.

Tofauti yenye maana kwa matumizi ni hii: umbo huru la Kiingereza halionyeshi chochote kuhusu kinachomilikiwa. Tukisema "changu kimepotea", "yangu yamepotea" au "zangu zimepotea", msikilizaji anayejua mada anapata fununu ya kitu gani na ni kimoja au vingi. "Mine" halitoi fununu hiyo. Kitenzi peke yake ndicho kitaonyesha umoja au wingi, tena katika baadhi ya nyakati tu. Ndiyo maana mzungumzaji wa Kiswahili anayezungumza Kiingereza huona "mine" kuwa neno pungufu na hurudia nomino pasipohitajika. Si kosa la sarufi, ila huufanya usemi wake uwe mzito. Na katika barua, "Yours" ya Kiingereza na "Wako" ya Kiswahili hukutana mahali pamoja, isipokuwa "Wako", kwa kiambishi chake cha ngeli ya watu, hutaja hata katika salamu ya mwisho kwamba anayejitoa ni mtu.

4.0 Mwili na ukoo

Kiingereza hupenda kumilikisha viungo vya mwili. "She washed her hands", "he raised his arm", "I broke my leg". Kiswahili huona kwamba mkono wa mtu hauhitaji hati ya umiliki: "alinawa mikono", "aliinua mkono", "nilivunjika mguu". Kifaransa kiko upande wetu katika hili, nacho husema kwa kibainishi cha kawaida tu. Matokeo ni kwamba mwanafunzi kutoka pande zote mbili huandika "she washed hands", na mwalimu hushindwa kueleza kwa nini si sahihi, kwa kuwa maana imeeleweka.

Lakini utaratibu wa Kiswahili si ufupisho tu. Unabeba taarifa. Tazama:

(5) He broke his arm.

Sentensi hii inaweza kuwa ya mtu aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki, au ya mtu aliyemshambulia mwenzake. Kiswahili hakikubali utata huo: "alivunjika mkono" ni tukio moja, na "alimvunja mkono" ni jingine. Kitenzi na kiambishi cha mtendwa vimefanya kazi ambayo Kiingereza kimeiachia kimilikishi, na vimeifanya vizuri zaidi. Anayetafsiri taarifa ya polisi au ya daktari kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili analazimika kuamua, wakati mwingine bila kuwa na muktadha wa kutosha, kama kuna mtuhumiwa au hakuna. Na anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza anaweza kuificha bila kukusudia tofauti ambayo shahidi aliieleza waziwazi.

Ukoo ni eneo gumu zaidi. Katika Kinyarwanda na Kirundi, baba hana jina lisilo na mwenyewe: "data" ni baba yangu, "so" ni baba yako, "se" ni baba yake, vivyo hivyo "mama", "nyoko", "nyina". Kiganda kina "kitange", "kitaawo", "kitaawe". Kiswahili kina mabaki ya mtindo huo katika "mwanangu", "mumewe", "nduguye", "babake". Aidha, Kiswahili huacha kimilikishi pale ambapo hakuna shaka: "Baba anaumwa" ni baba wa msemaji. Kiingereza cha leo kinahitaji "my father". Kikiachwa, neno hilo hugeuka kuwa kama jina la mtu, na kwa masikio ya wengi huonekana kuwa la zamani.

Kisha kuna "-etu". Mtoto mmoja mwenye ndugu anaposema "mama yetu" au "nyumbani kwetu", hazungumzi kwa niaba ya kikundi kilichopo chumbani. Anatambua tu kwamba mama na nyumba si vyake peke yake. "Our mother", kikitamkwa na mtu mmoja mbele ya afisa, huzua swali: wewe na nani?

Hapo ndipo tunapotoka darasani. Kambi na makazi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda na Kakuma nchini Kenya yana Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na mahojiano yao huandikwa kwa Kiingereza kupitia mkalimani. Mhojiwa akisema "mtoto wake alibaki Uvira" baada ya kuwataja shemeji yake na mke wa shemeji huyo, mkalimani anapaswa kuandika "his child" au "her child". Kiswahili hakikumlazimisha mhojiwa kuchagua. Kiingereza kinamlazimisha mkalimani, na kwa kasi. Ikiwa katika mahojiano ya pili mkalimani mwingine atachagua umbo jingine, faili litakuwa na kauli mbili zinazopingana ambazo mhojiwa hakuzitoa. Msomaji wa faili, ambaye hajui kwamba "-ake" halina jinsi, atauona mgongano huo kuwa wa mhojiwa. Namna pekee ya kuuzuia ni mkalimani kuwa na ruhusa, na desturi, ya kuuliza "wa nani?" kabla ya kuandika. Ruhusa hiyo ni suala la kanuni za kazi, si la kipaji cha mkalimani.

Ni haki kuongeza kwamba lugha zetu si kipofu wa jinsi ya mmiliki kila mahali. Kinyarwanda na Kirundi husema "mushiki we" kwa dada wa mwanamume na "musaza we" kwa kaka wa mwanamke. Nomino yenyewe imetaja jinsi ya mwenye ndugu, na kwa hiyo "musaza we" haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa "her brother", na "mushiki we" ni "his sister". Hizi ni zilezile sentensi (2) na (3) zinazomshinda mwanafunzi wa Kigali au Gitega kwa sababu ya Kifaransa. Akifundishwa kuzifikia kwa njia ya lugha ya mama, badala ya kupitia "sa sœur" na "son frère", jibu tayari analo. Inashangaza kwamba mazoezi ya namna hii ni nadra katika vitabu vyetu.

5.0 "Its", "their" na matini za Jumuiya

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, ulikitaja Kiingereza katika Ibara ya 137 kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano mapana. Tangu wakati huo Jumuiya imepanuka, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki imeanza kazi Zanzibar, na nafasi ya Kiswahili na Kifaransa katika shughuli rasmi imeinuliwa. Kila hatua ya namna hiyo inaongeza idadi ya matini zitakazosomwa katika lugha tatu kama kwamba ni matini moja. Vimilikishi ni mojawapo ya sehemu ambapo haziwi moja.

Tuchukue sentensi mbili zilizotungwa kwa ajili ya mfano huu, waziri akiwa mwanamke:

(6) The Minister shall submit to the Commission her report.
(7) The Minister shall submit to the Commission its report.

Katika (6) ripoti ni ya Waziri. Katika (7) ni ya Tume. Kiswahili cha kawaida hutoa sentensi moja kwa zote mbili: "Waziri atawasilisha kwa Tume ripoti yake." Kiambishi y- kinapatana na ripoti, ambayo hakuna aliyekuwa na shaka nayo, na kiini -ake kinawafaa Waziri na Tume kwa usawa. Kifaransa hakitusaidii: "son rapport" ni lakiume kwa sababu ya neno "rapport", na linaweza kuwa la Waziri au la Tume. Basi kati ya lugha tatu, ni moja tu inayotenganisha. Mgogoro ukitokea, matini ya Kiingereza ndiyo itakayofunguliwa, hata kama sheria inasema kwamba lugha zote zina nguvu sawa. Usawa wa lugha uliotangazwa katika ibara moja unaweza kuondolewa na kimilikishi katika ibara nyingine.

Hali ya wingi inastahili uangalifu zaidi:

(8) Each Partner State shall protect its citizens.
(9) The Partner States shall protect their citizens.

Sentensi ya (8) inaweka wajibu kwa kila nchi juu ya raia wake. Ya (9) inaweza kusomwa hivyohivyo, lakini inaweza pia kusomwa kwamba nchi zote kwa pamoja zina wajibu juu ya raia wote. Kwa mtu aliyekamatwa katika nchi jirani, tofauti kati ya tafsiri hizo si ya kinadharia. Katika Kiswahili, (8) ni "Kila Nchi Mwanachama italinda raia wake". Kwa (9) waandishi wetu hawakubaliani. Kanuni ya kimapokeo ni kwamba vitu visivyo na uhai huchukua -ake hata vikiwa vingi, kama katika "miti na matawi yake". Hivyo tunapata "Nchi Wanachama zitalinda raia wake". Wengine huandika "raia wao", ama kwa kuvutwa na neno "Wanachama" ama kwa kuvutwa na "their". Yote mawili yanasomeka. Lakini anayeandika "wake" katika ibara moja na "wao" katika inayofuata, bila kukusudia, anamfanya wakili atafute tofauti ya maana ambapo hakuna. Kwa maoni yangu "wake" lina nguvu zaidi kisarufi, lakini uthabiti katika matini moja una thamani kubwa kuliko ushindi wa upande wowote. Na pale ambapo wajibu wa mmojammoja ndio unaokusudiwa, Kiingereza chenyewe hakiridhiki na "their" na huongeza neno la kutenga. Kiswahili kina "kila nchi raia wake", ambayo ni fupi na haina utata.

Lipo suala la "his or her". Sheria ya Uingereza ya mwaka 1850 kuhusu lugha ya sheria iliweka kanuni kwamba maneno ya jinsi ya kiume yanajumuisha wanawake, na kanuni hiyo ilisambaa katika makoloni. Matini za baadaye zimeiacha: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 hutumia "his or her" mara nyingi, na serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2007 kwamba miswada yake ingeandikwa bila kuegemea jinsi. Kwa mfasiri wa Kiswahili, mapambano yote hayo yanaishia katika silabi mbili. Haki ya mshtakiwa kuandaa "his or her defence" ni "utetezi wake". Wafasiri wanaoongeza "wa kiume au wa kike" wanatafsiri tatizo ambalo lugha yao haina.

Ila tusijisifu mapema. Neno hilohilo lililotuokoa na jinsi ndilo lililotuponza katika (6) na (7). Kwa upande mwingine, Kiswahili hutoa ubainifu ambao Kiingereza hakina. Tuseme Wizara na Tume zilibadilishana magari na kompyuta. "Tume ilirudishiwa yake" ni magari. "Tume ilirudishiwa zake" ni kompyuta. Kiingereza, kwa "its own", kingejua wa nani na kisingejua nini.

6.0 Kwa mtunga sera na kwa mfasiri

Mapendekezo yanayotokana na ufafanuzi huu ni machache na hayana gharama kubwa. Katika mitaala ya Kiingereza ya nchi zenye historia ya Kifaransa, kimilikishi cha nafsi ya tatu kisifundishwe kwa jedwali peke yake, bali kwa ulinganishi wa wazi wa lugha ambazo darasa linazijua, lugha ya mama ikitangulia. Katika mafunzo ya wakalimani, swali la "wa nani?" lihesabiwe kuwa sehemu ya kazi na liandikwe kwenye kumbukumbu linapoulizwa, ili msomaji wa faili ajue ni nini kilichosemwa na ni nini kilichofafanuliwa.

Kwa wafasiri wa matini za kisheria, kanuni moja ingetosha kwa sehemu kubwa: pale ambapo -ake ina wamiliki wawili wanaowezekana, mfasiri aache kimilikishi na arudie nomino. Sentensi ya (7) inakuwa "Waziri atawasilisha kwa Tume ripoti ya Tume hiyo". Si sentensi ya kuvutia. Walimu wa insha wangeikata. Lakini sheria haisomwi kwa ladha ya insha, na Kiswahili kina kiunganishi -a kinachofanya kazi hii bila kuazima chochote.

Jambo gumu zaidi ni mpangilio wa kazi yenyewe. Hadi sasa matini nyingi za kikanda huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na uamuzi kuhusu mmiliki huwa umefanyika kabla mfasiri hajaketi. Siku zinakuja ambapo baadhi ya miswada itaandikwa kwanza kwa Kiswahili. Hapo "ripoti yake" itamfikia mfasiri wa Kiingereza ikiwa haijaamuliwa, naye atalazimika kuchagua "her", "his" au "its" mezani kwake, na chaguo lake litakuwa sheria. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka uamuzi huo ubaki mikononi mwa waliojadili mswada hana budi kuufanya yeye, katika sentensi ya Kiswahili, kabla ya kuipeleka kutafsiriwa.